Kheri Haiondoi Dhamana

Tumeletewa suala na vijana wetu wanaosoma utabibu, uuguzi na kazi ya maabara katika vyuo vya Kisii na Nyamira, nao wametaka jawabu lake lichapishwe ili kila mwenye maoni apate kuyapima. Wamekusudia kufungua zahanati ndogo itakayoendeshwa na wao wenyewe, siku za Jumamosi na siku za likizo, katika vijiji vya milimani ambako watu wengi ni mafukara na hospitali iko mbali. Hawatamtoza mgonjwa hata senti moja. Wanauliza: je, kazi hii yafaa hali wao bado ni wanafunzi? Na ikiwa mgonjwa atadhurika mikononi mwao, je, nia yao njema itawaokoa na lawama?

Suala hili liliposomwa darasani liliwagawanya watu. Mmoja wa wazee wetu alisema kwamba mwenye kutoa sadaka hadaiwi hesabu, na kuwawekea vijana masharti ni kuwavunja moyo. Mwingine akasema mwanafunzi na amalize masomo yake kwanza, ndipo aguse mwili wa mtu. Sisi twaona kila mmoja wao ameshika upande mmoja wa haki akauacha wa pili, na kwa hivyo tutalieleza jambo hili kwa urefu kidogo.

Kwanza yatupasa tuijue nchi tunayoizungumza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Huko Kisii, kila kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 900. Ardhi yenye rutuba imegawanywa baina ya ndugu, kisha baina ya watoto wa ndugu, mpaka pana waliorithi shamba lisilotosha migomba ya kulisha nyumba moja. Mwenye kuugua usiku katika miteremko ya Manga, au katika vijiji vya wachuma chai upande wa Kebirigo, hana budi kutafuta boda boda na nauli yake kabla ya kutafuta tabibu. Na malaria ya milimani si kama ya pwani au ya ziwani: huja kwa kishindo baada ya mvua, ikawakuta watu ambao miili yao haikuizoea, wakubwa na wadogo wakaanguka pamoja.

Sheria haikumsahau mtu huyu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2013 kazi ya afya ilihamishiwa serikali za kaunti, na mwaka huo huo ada ziliondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Lakini mlango ulio wazi si dawa iliyoko kabatini. Ni mara ngapi mama hutazamwa bure, kisha akapewa kikaratasi akanunue dawa dukani kwa fedha asizo nazo? Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa mwaka 2024 ukadumu siku 56. Katika siku hizo mwenye mali alikwenda hospitali za watu binafsi, na fukara akabaki na Mola wake.

Basi haja ipo, wala hapana mwenye macho atakayeikanusha. Na palipo na haja kama hii, wanazuoni wetu hawakusema kwamba utabibu ni hiari ya mwenye kutaka. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa miongoni mwa faradhi za kutosheleza: wakiusimamia baadhi ya watu wengine husalimika, na ukiachwa na wote, wote wana madhambi. Aliwashangaa watu wa zama zake waliosongamana katika mabishano ya fiqhi ilhali mji hauna tabibu miongoni mwao. Kwa hivyo hatuwezi kuwaambia vijana hawa wakae majumbani mwao. Kijana aliyejitolea Jumamosi yake kupanda mlima kwenda kumpima ajuza asiye nduguye, hali wenzake wako uwanjani au kwenye simu zao, amefanya jambo ambalo sisi tuliomzidi umri twapaswa kulionea haya, kwa kuwa hatukulitangulia.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha suala lao. Wanauliza kama nia njema itawaokoa. Nasi twajibu: nia njema humfikisha mtu mbele ya mgonjwa, haimfundishi la kufanya akishafika.

Imepokewa katika vitabu vya Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu kuwa mwenye kujitia utabibu hali hakujulikana kwa ujuzi huo, yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Tuizingatie hukumu hii. Haikutaja ujira. Haikusema kwamba aliyelipwa adhamini na aliyejitolea asamehewe. Wanazuoni kama Ibn al-Qayyim wakafafanua kwamba tabibu mjuzi, aliyepewa idhini na mgonjwa na asiyevuka mipaka ya kazi yake, hadhamini jambo lililotokea baada ya yeye kuitimiza haki ya sanaa yake, kwani uhai haumo mikononi mwake. Dhamana inamwangukia aliyeingia pasipo ujuzi. Kwa hivyo kinachompunguzia mtu mzigo ni ujuzi na idhini; bure haimpunguzii kitu.

Wala jambo hili halikubaki katika vitabu. Mwaka 319 wa Hijria, nao ni mwaka 931 wa Miladi, khalifa al-Muqtadir alipata habari huko Baghdad kwamba mtu amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asiruhusiwe mtu kutibu mpaka atahiniwe na mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit. Wakatahiniwa watu zaidi ya 800 katika mji mmoja. Waandishi wa habari za matabibu wanasimulia kuwa alimjia mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, ila ana watu wa kuwalisha. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti kwamba asimwingilie mgonjwa katika jambo asilolijua, wala asimtoe mtu damu wala kumpa dawa kali za kuharisha ila katika maradhi mepesi. Kisa hiki watu hukisimulia kwa kuchekesha, nasi twaona ndani yake hekima. Mtahini hakumfukuza mtu mwenye elimu ndogo; alimwekea mpaka, akamfanya aujue mpaka wake.

Watakuja wenye kusema: "Maneno haya ni ya mjini. Kijijini hakuna daktari. Je, si bora mwanafunzi kuliko kukosa kabisa? Bora nusu shari kuliko shari kamili." Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuipita kwa haraka.

Twajibu kwamba mizani hiyo imewekwa vibaya. Mara nyingi mgonjwa hachagui baina ya mwanafunzi na kukosa kabisa. Anachagua baina ya mwanafunzi aliye karibu leo na hospitali iliyo mbali kesho. Lau mwanafunzi hakuwapo, pengine jamaa wangechangishana nauli wakampeleka. Akiwapo mwanafunzi, akampa vidonge na maneno ya kutuliza moyo, jamaa hutulia, na ugonjwa haukutulia. Hapo msaada umekuwa pazia baina ya mgonjwa na dawa yake. Hii ndiyo khatari ambayo mwenye kusaidia haioni, kwa kuwa aliyemsaidia alimshukuru na kumwombea dua wakati wa kuagana.

Tunamjua mama mmoja wa upande wa Nyamira aliyekwenda katika kambi ya matibabu ya siku moja iliyoletwa na watu wema, ambao hatuna haja ya kuwataja. Wakampima presha, wakaiona iko juu sana, wakampa vidonge vya wiki mbili. Hakuna aliyemwambia kwa Ekegusii kwamba vidonge hivyo haviponyi, ila vinazuia, na kwamba ni vya maisha. Hakuna aliyeandika jina lake katika daftari litakalobaki kijijini. Alivimaliza, akahisi nafuu, akaenda akawashukuru kanisani kwao mbele ya watu. Baada ya miezi michache alipata kiharusi akiwa shambani, na mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena mpaka leo. Waliompa vidonge hawajui, wala hawatajua. Yeye mwenyewe hajui kwamba ana la kuwadai, na bado akiwataja huwaombea kheri.

Tazameni jinsi dhamana inavyopotea. Aliyelipa fedha zake hurudi akadai. Aliyepewa bure huona haya kudai, kwani amefundishwa kwamba zawadi haikaguliwi. Kwa hiyo fukara ananyang'anywa kitu ambacho hata umaskini haukumnyang'anya, nacho ni haki ya kulalamika. Na anayemnyang'anya ni rafiki yake.

Dunia imeliona jambo hili katika sura iliyo mbaya zaidi. Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi maskini wenye kaswende, wakiwaahidi matibabu ya bure, chakula na gharama za mazishi, hali walikuwa wakiwatazama tu jinsi ugonjwa unavyowala. Hata penisilini ilipojulikana kuwa ndiyo dawa yake, hawakupewa. Hatusemi kwamba vijana wetu wanafanana na watu hao, Mungu apishe mbali. Twasema kwamba neno "bure" liliwatosha watu wale wasiulize, na likawatosha wakubwa wasiulizwe, kwa muda wa miaka 40.

Tena Wakisii hawana haja ya kufundishwa na Marekani wala na Baghdad maana ya mwanafunzi wa utabibu. Katika nchi hii walikuwako mafundi wa kupasua fuvu la kichwa, waitwao ababari, ambao wageni waliandika khabari zao kwa mshangao katika majarida ya tiba ya miaka ya 1950 na 1960. Mtu aliyeumizwa kichwani akasumbuliwa na maumivu yasiyokwisha alipelekwa kwa omobari, naye akaikata ngozi, akaukwangua mfupa taratibu mpaka akaliondoa lililovunjika. Hatuitaji kazi hiyo ili watu wairudie. Leo pana njia zilizo salama zaidi. Twaitaja kwa ajili ya namna ilivyofundishwa. Elimu ilipita kutoka kwa mzee hadi kwa jamaa yake aliyekaa ubavuni mwake, akitazama na kushika vyombo kabla ya kuachiwa kichwa cha mtu. Na omobari aliishi pale pale. Aliyemponya alipita mbele ya nyumba yake kila siku, na aliyemdhuru jamaa zake walikuwa majirani. Hakuwa na leseni ya karatasi, lakini hakuwa na pa kukimbilia. Mwanafunzi wa leo ana kitambulisho cha chuo na koti jeupe, na jioni hupanda matatu akaenda zake. Ujuzi wake huenda ukawa mkubwa kuliko wa mzee yule. Lakini uwajibikaji wake ni mdogo, mpaka autengeneze kwa makusudi.

Na ipo mifano ya wanafunzi walioutengeneza. Hapo jirani, nje kidogo ya mpaka wa Kisii, karibu na Rongo, kiko kijiji cha Lwala. Ndugu wawili wa huko, Milton na Fred Ochieng', walipata nafasi za kusoma Marekani. Watu wa kijiji waliuza ng'ombe na kuku wakamchangia Milton nauli ya ndege, kiasi cha dola 900. Wazazi wao walifariki kwa ukimwi, na zahanati ambayo baba yao aliitamani haikuwa imesimama. Ndugu hao waliifungua mwaka 2007, Milton akiwa bado mwanafunzi wa utabibu katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Leo pana hospitali ya jamii mahali pale. Lakini zingatieni: wao walikuwa ng'ambo wakisoma. Waliokaa Lwala kutibu watu kila siku walikuwa wengine, wenye kuifanya kazi hiyo kwa haki yake. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kuhangaika na kutafuta fedha, kuunganisha watu na kutoliacha jambo life. Na ile nauli ya ng'ombe na kuku ilikuwa deni ambalo kijiji kizima kililijua. Nani angeweza kuwapa watu wale zahanati ya mzaha?

Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret nacho, kilipoanzisha mafunzo ya utabibu, kiliweka katika masomo yake kwamba wanafunzi wapelekwe wakakae katika vituo vya afya vya mashambani, wajifunze maradhi mahali yanapozaliwa. Na Marekani, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, zaidi ya vyuo 100 vya utabibu vilikuwa na zahanati za bure zinazoendeshwa na wanafunzi. Huko wanafunzi hupanga, hupokea wagonjwa, huuliza na huandika. Daktari mwenye leseni ndiye anayekubali au kukataa. Kwa hivyo yule mzee wetu aliyesema mwanafunzi asiguse mtu mpaka amalize, tunamwambia kwa heshima: hakuna tabibu aliyezaliwa amekwisha soma. Kila mkono wa tabibu ulijifunza juu ya mwili wa mtu fulani. Suala ni mwili wa nani, kwa idhini gani, na chini ya jicho la nani. Ikiwa wanafunzi watajifunza kwa mafukara peke yao ili kesho wawatibu matajiri kwa ustadi, basi fukara ameufanyiwa mwili wake ubao wa kuandikia na kufutia.

Basi haya ndiyo masharti tunayoyaona, nayo ni manne.

La kwanza, kituo kisajiliwe kama sheria inavyotaka, na zahanati isifunguliwe hata siku moja pasipo afisa wa kliniki au daktari mwenye leseni aliyekaa pale pale, si wa kupigiwa simu. Asipokuja, wanafunzi wapime presha na sukari, wapime uzito wa watoto, wafundishe watu usafi wa maji na matumizi ya chandarua, waandike rufaa; wala wasitoe dawa.

La pili, mgonjwa aambiwe kwa lugha yake kwamba anayemtazama ni mwanafunzi, na kwamba akikataa kutazamwa naye hatapoteza zamu yake wala dawa yake. Idhini ya mtu asiyejua ana haki ya kukataa si idhini. Tena asiulizwe dini yake, wala asisomewe mawaidha akiwa kwenye foleni. Wengi wa majirani zetu hapa ni Wakristo, na mwenye homa hana nguvu ya kujadiliana.

La tatu, kila jina liandikwe katika daftari litakalobaki kijijini, na kila mgonjwa wa maradhi ya kudumu aunganishwe na zahanati ya serikali iliyo karibu na kwa wahudumu wa afya wa mashinani, ambao tangu mwaka 2023 serikali imewapa vifaa na kuwalipa posho. Mitihani ya vyuo ina majira yake, na presha haina likizo. Asiyeweza kumfuatilia mgonjwa asimwanzishie dawa ambayo hataweza kumwendeleza nayo.

La nne, na hili ndilo wengi watalikimbia: madhara yakitokea, mgonjwa na jamaa zake waambiwe ukweli siku ile ile, na uwepo mfuko wa kumpeleka hospitali na kumlipia. Dhamana isiyo na mfuko ni maneno ya mimbari.

Kijana mmoja aliposikia masharti haya akasema kwamba kwa hesabu hii hawataweza kwenda vijiji sita kama walivyopanga, labda kimoja. Tukamwambia: basi na kiwe kimoja. Tumefundishwa kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache. Kijiji kimoja kinachojua kwamba kila Jumamosi mlango utafunguliwa, na kwamba jina la kila mtu limo daftarini, kimepata kitu. Vijiji sita vilivyopitwa kama mvua ya upepo vimepata picha za kupigwa.

Lakini hatuwezi kuwatwisha vijana mzigo huu kisha tukajipangusa mikono. Mshahara wa afisa wa kliniki kwa siku moja ya wiki si jambo la mwanafunzi anayekopa nauli. Ni jambo letu sisi wenye maduka mjini Kisii, wenye matatu, wenye mishahara, na sisi tunaokaa darasani tukiwatolea wengine hukumu. Hospitali kuu ya Kisii ilianza mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliojeruhiwa vitani, si kwa wakulima waliokuwa wakiizunguka. Wakulima walifikiwa baadaye. Tusingoje baadaye nyingine. Ikiwa utabibu ni faradhi ya kutosheleza, basi fedha ya kuusimamisha nayo imo ndani ya faradhi hiyo, na dhambi ya kuuacha haitawaangukia vijana peke yao. Darasa litakutana Ijumaa ijayo baada ya sala ya Isha kuamua kama litaubeba mshahara huo kwa mwaka mmoja. Kila mwenye kusema "kazi njema" na aje na fedha mkononi.

Na nyinyi vijana, tumewajibu kwa ukali kidogo kwa kuwa tumeichukua kazi yenu kwa uzito. Aliyewasifu pasipo masharti amewafanya watoto. Nendeni, lakini nendeni kama watu wanaodaiwa. Na mgonjwa akiwaombea dua, itikieni amina, kisha mfungue daftari mtazame kama jina lake limeandikwa sawasawa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikisha.